North Field, Tinian: siku tano kwenye lami ya B-29

Siku ya 1: Saipan hadi San Jose

Ndege ndogo inayotoka Saipan hutua Tinian kabla hujamaliza kukaa sawa: robo saa, wakati mwingine chini ya hapo. Mlango wa bahari kati ya visiwa hivi viwili una upana wa kilomita 5 tu. Ndiyo maana Julai 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, mizinga ya Marekani iliyopangwa kusini mwa Saipan iliweza kuipiga Tinian, iliyokuwa mikononi mwa Wajapani, bila hata mmoja kuvushwa. Omba kiti cha dirishani. Ncha ya kaskazini ikitokea, tafuta mistari minne iliyonyooka, sambamba, yenye rangi tofauti na msitu unaoizunguka. Hiyo ndiyo North Field, kiwanja cha vita cha B-29, ndege kubwa za Marekani za kudondosha mabomu, na kutoka juu inaeleweka kwa dakika moja kuliko utakavyoielewa kwa saa nzima ukiwa chini.

Kisiwa kina kilomita za mraba 102 na wakazi kama 2,000, karibu wote katika mji mmoja, San Jose, kusini magharibi. Ni sehemu ya Mariana ya Kaskazini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyo chini ya Marekani, kwa hiyo masharti ya kuingia na fedha ni vya Marekani. Njia unayotua juu yake nayo ni mabaki ya vita: kiwanja cha kiraia cha leo kilikuwa West Field, ndugu mdogo wa North Field.

Gari la kukodi ni la lazima. Angalia matairi kabla ya kusaini, pamoja na la akiba na jeki yake. Kule kaskazini vichaka hufyekwa kwa panga au mashine, na visiki vinavyobaki huwa vimekatwa mshazari, vikali kama mkuki. Hutoboa tairi ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki. Beba maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Huko hakuna duka wala bomba, na kwenye njia za ndege hakuna kivuli. Msimu mzuri ni Desemba hadi Juni. Julai hadi Novemba ni wa tufani, na ile ya Yutu ya Oktoba 2018 ilikiacha kisiwa hoi.

Jioni inatosha kwa bandari. Gati zilijengwa na vikosi vya ujenzi vya jeshi la wanamaji la Marekani, wale wanaoitwa Seabees, kwa kukita mabamba ya chuma baharini na kujaza matumbawe katikati. Chuma kimeliwa na kutu, kifusi kinamwagika kidogo kidogo. Hii bandari ndiyo ufunguo wa yote: kila pipa la petroli na kila bomu lililopanda kule kaskazini lilipitia hapa. Tarehe 26 Julai 1945 meli ya kivita Indianapolis ilitia nanga karibu na hapa na kushusha sehemu za bomu la urani. Siku nne baadaye ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani; kati ya watu karibu 1,200 waliokuwemo, walionusurika ni 316.

Siku ya 2: fukwe mbili finyu na majengo ya Ushi

Barabara ya kaskazini inaitwa Broadway. Wanajeshi waliona umbo la kisiwa linafanana na Manhattan, wakagawa majina ya mitaa ya New York: Broadway, 8th Avenue, 42nd Street. Mzaha ule una faida hadi leo, maana ramani za 1945 zinasomeka bado. Imenyooka mno, na dereva huzidisha mwendo bila kujijua, kisha shimo linamkuta.

Anza na fukwe za kaskazini magharibi, White Beach 1 na 2. Ya kwanza ina upana wa mita 55 hivi, ya pili 145 hivi. Ukisimama pale utashangaa nani alithubutu kupitisha jeshi kwenye mlango mwembamba namna hii, na mshangao huohuo ndio uliowaponza Wajapani. Walijikita kusini mbele ya mji, mahali penye ufuo mpana. Tarehe 24 Julai 1944 Wamarekani wakajifanya kushambulia mji huku wakishuka hapa, na hadi usiku walikuwa wameshusha watu 15,000.

Tazama kingo za ufuo. Mwamba wa matumbawe unasimama wima, mita mbili au zaidi, na gari la kivita lisingeweza kuupanda. Seabees walitengeneza ngazi za mteremko zilizobebwa juu ya magari ya majini na nchi kavu: gari linafika ukutani, linaegesha ngazi kwenye ukingo, linarudi nyuma na kuiacha, kisha mengine yanapanda juu yake. Mihimili ya chuma waliipata kwenye mabaki ya kiwanda cha sukari cha Saipan. Kisiwa kilitangazwa kutekwa tarehe 1 Agosti. Kikosi cha Kijapani cha watu 8,000 hivi kiliteketea karibu chote. Wamarekani waliokufa walizidi 300.

Kutoka ufukweni hadi kiwanja cha Wajapani, Ushi, ni mwendo mfupi kwa gari. Kabla ya vita karibu kisiwa kizima kilikuwa shamba la miwa la kampuni ya Kijapani, na ardhi tambarare iliyofaa miwa ikafaa ndege. Makao ya Kikosi cha Kwanza cha Anga cha wanamaji wa Japani, chini ya Admirali Kakuta, yalikuwa katika kisiwa hiki.

Majengo ya zege bado yamesimama: jengo la uongozi la ghorofa mbili, mahandaki ya kujikinga na mabomu, ghala la mafuta. Yasome kwa mpangilio huu. Kwanza matundu: makubwa na machache ni ya mizinga ya meli, madogo na mengi ni ya risasi na vipande. Pili dari. Panapobanduka vipande vipana na nondo kuonekana, kosa si la bomu bali la chumvi: hewa ya bahari hupenya zege, nondo zinashika kutu, kutu inavimba kuliko chuma chenyewe na kuisukuma zege nje. Kwa hiyo usisimame chini ya dari yenye mstari wa rangi ya kahawia. Mstari ule ni nondo inayojiandaa kuangusha kipande kingine. Tatu, masizi. Ndani ya ghala la mafuta mapipa yameoza kwa kutu pale pale yalipokuwa, na kuta zimeungua. Ingia na tochi, piga mguu mlangoni ili nyigu wajulikane walipo, usiguse chochote cha chuma chenye umbo la chupa au yai. Mabomu yasiyolipuka bado hupatikana visiwani humu.

Siku ya 3: njia nne

Leo gari halitoki North Field mchana kutwa, na ni vizuri kufika alfajiri. Kuanzia saa nne asubuhi lami inarudisha joto usoni kama tanuri.

Njia ni nne, sambamba, kutoka magharibi kwenda mashariki, kila moja ya mita 2,590. Waliziita A, B, C na D kwa matamshi ya redio ya wakati ule: Able, Baker, Charlie, Dog. Able ndiyo ya kaskazini kabisa na ndiyo inayopitika vizuri zaidi. Ziliongezwa moja baada ya nyingine, kuanzia mwisho wa 1944 hadi Mei 1945. Zilipokamilika zilikuwa na njia za kutambalia karibu kilomita 18 na maegesho 265, na hapakuwa na kiwanja kikubwa kuliko hiki duniani.

Kwa nini vyote viwe vikubwa hivi? Jibu limo ndani ya ndege yenyewe. B-29 ilikuwa na mabawa ya mita 43 na uzito wa kuruka unaozidi tani 60. Tokyo iko kilomita 2,400 hivi kaskazini. Kwenda na kurudi ni saa 13 hadi 15 hewani, na njiani hapakuwa na pa kutua hadi kisiwa cha Iwo Jima kilipotekwa Machi 1945. Ndege ilijazwa petroli mpaka shingoni, halafu mabomu juu yake.

Tatizo la pili ni injini. Wright R-3350 ilikuwa na silinda 18 katika safu mbili na nguvu za farasi 2,200, lakini ilikimbizwa vitani kabla haijaiva. Hewa iliyopoza safu ya mbele ilifika safu ya nyuma ikiwa tayari moto. Vali zikaungua, silinda zikapasuka, na moto ukishafika kwenye kasha la magnesi hauzimiki kwa chupa ya kuzimia. Mhimili wa bawa huyeyuka. Rubani alikuwa kati ya mawili. Akifungua sana vibao vya kupitishia hewa nyuma ya injini, injini inapoa lakini vibao vinaishika ndege kama breki isipate kasi. Akivifunga, anapata kasi na injini inaokwa.

Sasa endesha Able kutoka mwanzo hadi mwisho, ukisoma kipima mwendo cha gari. Kilomita mbili na nusu, kisha vichaka vichache, kisha ardhi inakatika na bahari iko chini. Upepo wa hapa huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo ndege ziliruka kuuelekea. Na ile ardhi kukatika ilikuwa zawadi. Ndege nzito iliyoacha lami kwa shida ilishushwa pua kidogo kuelekea maji, ikapata kasi, hewa ikapita kwenye injini, vipimo vya joto vikashuka, ndipo ikaanza kupanda. Kiwanja chenye kilima mbele kisingewasamehe. Wala hapa hawakusamehewa wote: injini moja ikifa katika sekunde zile, tani 60 za ndege, petroli na mabomu huanguka pale pale.

Njia moja isingetosha pia kwa sababu ya foleni. Kikosi kikuu cha hapa, cha 313, kilikuwa na makundi manne, la 6, la 9, la 504 na la 505. Ndege iliyosubiri zamu huku injini zinanguruma ilikuwa inaunguza petroli ya kurudia na kuchemsha silinda zake bure. Njia nne maana yake ndege zinaondoka pamoja kwa vipindi vya chini ya dakika moja na kukutana angani zikiwa bado na akiba. Usiku wa tarehe 9 Machi 1945 ndege 334 ziliondoka Guam, Saipan na Tinian kwenda Tokyo zikiwa zimepunguziwa bunduki ili zibebe mabomu mengi zaidi ya moto, na zikapita chini, kati ya mita 1,500 na 2,800. Watu wapatao 100,000 walikufa mjini kabla ya jua kupanda. Kazi nyingine ya 313, isiyosemwa sana, ilikuwa kutega mabomu ya majini katika milango ya bahari ya Japani kuanzia mwishoni mwa Machi: zaidi ya 12,000 hadi vita kwisha. Bandari zilikauka. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi iliyoibana Japani kuliko jina lake lilivyovuma.

Shuka garini penye lami iliyobanduka. Lami yenyewe ni nyembamba, sentimita tano sita. Chini yake ni matumbawe meupe yaliyoshindiliwa, na hayo ndiyo yaliyobeba mzigo. Matumbawe yalilipuliwa kwa baruti machimboni, yakapakiwa malori, yakamwagwa kwa tabaka, yakalowekwa maji ya bahari na kupitiwa na roli. Unga wake ni chokaa: ukilowa na kubanwa hushikana kama saruji mbichi. Ukikauka kabla ya kushindiliwa haushikani. Hubaki vumbi jeupe, na vumbi likimezwa na injini lilikula silinda kama msasa. Kwa hiyo malori ya maji yalizunguka mchana na usiku, na juu ikapakwa lami kufunga kazi. Chukua kipande kidogo mkononi, ukikwaruze kwa ukucha: bado kigumu baada ya miaka 80. Kirudishe ulipokitoa, eneo hili ni la kihistoria kisheria tangu 1985.

Kinachoimaliza lami si uzito, ni mlusina. Mti huu ulisambazwa baada ya vita kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, ukapendelea kila ufa ulioukuta. Mzizi wa unene wa kidole unainua lami ya upana wa meza. Njia za B, C na D zilimezwa namna hiyo: ukitembea ndani ya kichaka unahisi tambarare ngumu chini ya majani makavu, mita baada ya mita, bila kuona hata hatua kumi mbele. Usiingie bila dira au simu yenye ramani iliyopakuliwa tayari. Miti yote inafanana, ardhi haina mwinuko wa kukuelekeza, na mtu huzunguka palepale akidhani anakwenda mbele.

Siku ya 4: mashimo mawili

Kaskazini ya njia, kwenye uwanja wa maegesho wa lami, kuna fremu mbili za vioo zenye umbo la paa. Chini yake ni mashimo yaliyotumika kupakia mabomu ya atomiki. Yalifukiwa baada ya vita, yakafukuliwa na kuwekewa vioo 2004. Nenda jua likiwa utosini: asubuhi na jioni kioo kinakuonyesha mawingu na uso wako tu. Ukipiga picha, gandamiza lenzi kwenye kioo na uizibe kwa kiganja pande zote. Kwa ndani hutona unyevu, na hilo halina dawa ila kungoja.

Sababu ya kuchimba ni hesabu rahisi. Bomu la kawaida lilisukumwa chini ya tumbo la ndege kwa kitoroli na kuvutwa juu. Little Boy, bomu la urani la Hiroshima, ilikuwa na urefu wa mita 3, kipenyo cha sentimita 71 na uzito wa kilo 4,400. Fat Man, la Nagasaki, ilikuwa na kipenyo cha mita 1.5 na kilo 4,670. Kati ya ardhi na tumbo la B-29 hapakuwa na nafasi ya bomu namna hiyo pamoja na toroli lake. Kama ndege haiinuki, bomu lishuke.

Kazi ilikwenda hivi. Toroli lilisukumwa juu ya reli hadi katikati ya shimo. Jeki ya mafuta, ndugu wa ile ya gereji inayoinua magari, ilipanda kutoka chini na kulipokea bomu. Toroli na reli vikaondolewa. Bomu likageuzwa robo mzunguko, maana lililetwa likiwa limekingama, likashushwa shimoni. Ndipo ndege ikarudishwa kinyumenyume hadi milango ya tumbo ikawa juu ya shimo barabara, na jeki ikalipandisha bomu taratibu hadi kwenye ndoano yake. Hapo ndipo penye hatari ya kukwaruza: nafasi ya pembeni ilikuwa ndogo, na bomu likiyumba kidogo lingegonga fremu ya mlango. Kulenga kulifanywa kwa macho na timazi.

Little Boy ilipakiwa alasiri ya tarehe 5 Agosti 1945 kwenye shimo namba 1. Kulikuwa na wasiwasi mmoja ulioletwa na njia zile za jana. Nahodha William Parsons, msimamizi wa silaha, alikuwa ameziona B-29 nne zikianguka na kuungua wakati wa kuruka. Bomu hili lilikuwa bunduki iliyojaa: kipande cha urani kinasukumwa na baruti kukutana na kingine. Moto wa ajali ungewasha baruti, na kisiwa kingekwenda. Akaamua baruti iingizwe angani. Jioni ile alijikunja ndani ya chumba cha mabomu chenye joto, akarudia hatua zile mpaka mikono ikazizoea: kufungua kizibo cha nyuma, kuingiza mifuko minne ya baruti, kuunganisha waya, kufunga tena. Baadaye hewani vibanio vitatu vya kijani vilivyokata umeme vilibadilishwa kwa vyekundu.

Paul Tibbets, kamanda wa Kikosi cha 509, aliondoka na Enola Gay, B-29 iliyobeba bomu hilo, kwenye Able saa tisa kasorobo usiku wa tarehe 6, kwa saa za Tinian, chini ya taa za kupigia picha. Ilikuwa na petroli lita 26,000 na ushei. Tibbets aliishikilia chini mpaka lami ikakaribia kwisha, ili apate kasi ya ziada. Bomu lililipuka juu ya Hiroshima saa 2:15 asubuhi kwa saa za Japani, na ndege ikarudi hapa saa 8:58 mchana, baada ya saa 12 na dakika 13. Hadi mwisho wa 1945 waliokufa Hiroshima walikadiriwa kufika 140,000.

Shimo namba 2 ni la Fat Man. Kabla Bockscar, ndege iliyolibeba, haijaruka usiku wa tarehe 9, pampu ya tangi la akiba ilikataa kufanya kazi, lita 2,400 hivi zikabaki mle bila kutumika; zikawa mzigo wa kubeba kwenda na kurudi. Rubani wake, Charles Sweeney, akaondoka hivyohivyo. Kokura ilifunikwa na mawingu na moshi, akageukia Nagasaki, bomu likalipuka saa 5:02 asubuhi, na ndege ikalazimika kutua Okinawa injini zikianza kukata. Nagasaki ilipoteza watu wapatao 70,000 mwaka ule.

Vioo hivi havina mlinzi wala kibanda cha tiketi. Upepo unapita kwenye milusina, basi.

Siku ya 5: mashine zimerudi

Kabla ya kwenda kaskazini leo, uliza mjini kama barabara iko wazi. Jeshi la Marekani limekodi theluthi mbili za kisiwa, na wakati wa mazoezi kaskazini hufungwa. Zaidi ya hapo, mwishoni mwa 2023 jeshi la anga lilitangaza kukirudisha kiwanja hiki kazini, na ufyekaji ulianza. Penye mashine, milusina imeng'olewa na lami ya 1945 imetokea nyeusi, imejaa nyufa, mistari ya maungio ikionekana tena. Ukuta wa kijani wa siku ya tatu unaweza kuwa umehama mita mia kadhaa ulipokuja.

Wahandisi wa leo wanakuta tatizo lile la mizizi: kukata mti juu hakusaidii, kisiki kinachipua ndani ya wiki chache. Lazima king'olewe, na kikitoka kinaondoka na lami. Kilicho imara ni matumbawe ya chini.

Rudisha gari saa moja kabla ya safari. Ndege ya kwenda Saipan inaondoka West Field, kwenye njia yenye urefu ule ule wa kilomita mbili na nusu na kidogo, iliyopimwa kwa ajili ya tani 60. Inatumia mita mia chache za mwanzo na kuacha ardhi. Lami iliyobaki inapita chini ya bawa, tupu, hadi mwisho.